Mfuko wa zawadi wa kitenge: kuupima, kuukata na kuushona udumu

Kuanzia Septemba mpaka Desemba Dodoma ina mahafali juu ya mahafali. Wanaanza kidato cha nne, wanafuata wa vyuo, na katikati yake zipo sendofu, kicheni pati, ubatizo na harusi zenyewe. Makaratasi ya zawadi yanauzwa kila kona ya mji, na kesho yake yamejaa jalalani.

Mengi ya yale yanayong'aa si karatasi hata kidogo. Chukua kipande, kifinyange ndani ya ngumi, kisha achia. Kikifumuka chenyewe, ujue umeshika plastiki iliyopakwa rangi ya fedha. Ukiizika haiozi, na ukiichoma kwenye shimo nyuma ya nyumba moshi wake wanauvuta watoto wanaocheza uani. Upepo wetu wa Julai na Agosti ndio usiseme, unayanyanyua mpaka yananasa kwenye miiba ya migunga huko pembezoni mwa mji. Rambo, ile mifuko ya plastiki ya kubebea, zilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 na tukazoea kwenda sokoni na mfuko wa mkononi. Kwenye zawadi bado hatujahama.

Mfuko wa kitambaa unafanya kazi yote ya karatasi na unabaki. Aliyepewa ataweka humo sukari, chaji za simu, nguo za mtoto za safari, au atatilia zawadi ya mtu mwingine. Lakini ili uzunguke hivyo lazima ushonwe vizuri. Mfuko unaochanika pembeni mara ya pili kufunguliwa utatupwa kama karatasi, na hapo umepoteza kitambaa na nguvu zako. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye vipimo na kwenye mishono inayobeba uzito.

Kitambaa

Kitenge cha pamba ndicho kitambaa rahisi kuliko vyote kwa mfuko huu. Hakitelezi chini ya mguu wa cherehani, kinakubali pasi, na rangi zake zinatosha kuwa pambo. Vitenge vingi vina upana wa karibu sentimita 115, na vipimo nitakavyotoa vimepangwa kwa upana huo. Satini na vitambaa vyepesi vya kuteleza viache kwanza. Vinapendeza mezani, ila vinakimbia ukikata na vinafumuka pembeni. Vitambaa vizito vya mapazia, hasa vya mitumba, vinafaa kwa mifuko mikubwa ya blanketi au seti ya masufuria, lakini ukivivuta kwa kamba havikunjiki vizuri mdomoni, kwa hiyo hivyo vifunge kwa vishikizo au utepe.

Rangi nyeupe na za maziwa sizipendekezi kwa Dodoma. Vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye kabati lililofungwa, na mfuko mweupe utachoka kabla haujafika kwa mtu wa pili.

Kitambaa ninachokipenda kuliko vyote kwa kazi hii ni khanga ambayo mwenyewe ameshaacha kuivaa. Imeshafuliwa mara nyingi, kwa hiyo haitapungua tena, na ni laini. Zaidi ya hapo ina jina lake. Ikate ili maandishi yakae katikati ya kipande cha mbele, na mfuko hautahitaji kadi: atakayeupokea atasoma "Asante mama" au "Mungu ni mwema" kabla hajafungua. Ila pima kwanza. Maandishi ya khanga ni marefu, mara nyingi yanazidi upana wa mfuko mdogo, na ukiyakata vibaya utabaki na nusu ya sentensi ambayo pengine ina maana nyingine kabisa. Kama hayatoshi mbele, yaache yazunguke mfuko mzima, yaanzie mbele na kumalizikia nyuma. Soma pia jina lenyewe. Khanga nyingine zimeandikwa vijembe, na kijembe hakifai kumbeba bibi harusi kwenda kwa mumewe. Halafu angalia uchakavu kwa kuinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha. Palipobaki nyuzi chache pasikatwe mfuko wa kubeba vyombo.

Kitenge kipya kifue kabla ya kukata. Kina wanga wa kiwandani unaokifanya kionekane kigumu, na kikishaloweshwa kinaweza kupungua sentimita mbili tatu kwa kila mita. Baada ya kukifua, bana kitambaa cheupe kilicholowa juu yake kwa dakika kadhaa. Kikiondoka na rangi, rudia kufua mpaka maji yatoke safi, la sivyo mfuko utaacha rangi kwenye shuka nyeupe uliyoweka ndani. Anika kivulini, kisha piga pasi. Kukata kitambaa chenye mikunjo ni kukata vipande viwili visivyolingana.

Vitu vingine ni vya kawaida kwa yeyote mwenye cherehani: mkasi unaokata kweli, futi ya fundi, chaki, pini, pini moja ya nepi ya kupitishia kamba, uzi wa poliesta na pasi. Sindano iwe namba 14 kwa kitenge na khanga, namba 16 kwa pazia au jinzi.

Kupima

Hapa ndipo watu wengi wanapokisia, na matokeo yake ni mfuko unaobana boksi au unaogoma kufunga mdomo. Hakuna haja ya kukisia. Weka zawadi mezani kama itakavyokaa ndani ya mfuko, kisha chukua vipimo vitatu: urefu wa mbele, upana wa ubavu, na kimo.

Upana wa kila kipande cha kitambaa ni urefu wa mbele, jumlisha upana wa ubavu, jumlisha sentimita 5. Hizo 5 ni sentimita 3 za mshono (moja na nusu kila upande) na 2 za nafasi ili boksi liingie bila kulazimishwa.

Kimo cha kila kipande ni nusu ya upana wa ubavu, jumlisha kimo cha zawadi, jumlisha nusu ya urefu wa mbele, jumlisha sentimita 13. Nusu ya ubavu inakwenda kutengeneza kitako. Nusu ya urefu wa mbele ni kitambaa kinachopanda juu ya boksi ili mdomo ufike katikati na kufunga. Sentimita 13 zinagawanyika hivi: moja na nusu ya mshono wa chini, 6 za pindo la juu, na zinazobaki ni za shingo na malinda yanayosimama juu ya kamba.

Tuchukue boksi la glasi lenye urefu wa sentimita 24, ubavu 16 na kimo 12. Upana wa kipande: 24 + 16 + 5 = 45. Kimo cha kipande: 8 + 12 + 12 + 13 = 45. Kwa hiyo unahitaji vipande viwili vya sentimita 45 kwa 45. Dukani omba sentimita 60 za kitenge. Baada ya kufua, vipande viwili vitakaa kimoja pembeni ya kingine, na ule ukanda unaobaki chini, unaopita kitambaa kizima kutoka pindo hadi pindo, utatoa kamba mbili.

Kwa zawadi isiyo na pembe, kama nguo au taulo, ikunje vizuri kwanza, kisha ipime kana kwamba ni boksi.

Kukata

Fuata uzi wa kitambaa. Kitenge kilichokatwa mshazari kinavutika, na mfuko utapinda upande mmoja siku ya kwanza utakapobeba kitu kizito. Ili kupata mstari ulionyooka, toa uzi mmoja kutoka upande mmoja hadi mwingine na ukate juu ya alama inayobaki.

Wapo wanaokata kipande kimoja kirefu na kukikunja chini ili wakwepe mshono wa kitako. Inakubalika kama maua hayana juu wala chini. Ukiwa na kitenge cha ndege, taa au maandishi, upande mmoja utasimama na mwingine utakuwa kichwa chini, kwa hiyo kata viwili.

Kisha kata ukanda wa kamba, mara mbili, upana wa sentimita 4, kutoka pindo hadi pindo la kitambaa. Kila kamba inatakiwa iwe mara mbili ya upana wa mfuko uliokwisha shonwa, ongeza kama sentimita 30 za kufungia. Kwa mfuko wetu ni karibu sentimita 110 mpaka 115. Kunja kingo mbili za ukanda zikutane katikati, kunja tena katikati, piga pasi, shona ukingoni. Unapata kamba ya sentimita moja, ngumu na ya rangi ileile. Kamba za katani nazifahamu na zinavutia kwa macho, lakini zinasugua kitambaa na kuacha nyuzinyuzi, kwa hiyo hazidumu na mfuko. Ukiona uvivu wa kushona kamba, nunua kamba ya pamba.

Kushona

Jaribu cherehani kwenye kipande cha kutupa kwanza. Mshono wa milimita 2.5 unatosha. Uzi ukijikusanya kama vitanzi upande wa chini, tatizo mara nyingi liko juu: uzi haukupita vizuri kwenye vibana au mkazo umelegea. Ukiruka mishono, badili sindano kabla ya kugusa kitu kingine. Na kwa mji wenye vumbi kama huu, fungua sahani ya chini kila baada ya kazi chache, ondoa manyoya ya nyuzi kwenye shato (panapokaa uzi wa chini) kwa brashi na utie tone la mafuta ya cherehani.

1. Vipande vipigwe ovaloki, mshono wa kuzuia kingo zisifumuke, kabla ya kuunganishwa, pande mbili za ubavuni na chini. Juu paache. Kama huna mashine ya ovaloki, wapo mafundi wanaofanya hiyo kazi tu, nenda navyo vyote kwa pamoja na utamaliza kwa mara moja. Usipopata, tumia mkasi wa meno, au kunja ukingo kwa nusu sentimita na uushone.

2. Weka vipande uso kwa uso, maua yote yakielekea juu. Kutoka ukingo wa juu pima sentimita 12 kwenye kila ubavu na utie alama ya chaki. Anza kushona kwenye alama, si kwenye ukingo wa juu. Rudi nyuma mishono mitatu minne ili kufunga, shuka na ubavu kwa mshono wa sentimita 1.5, geuka kwenye kona sindano ikiwa ndani ya kitambaa, pita chini, panda ubavu wa pili, na uishie kwenye alama ya upande huo. Rudi nyuma tena. Kama mfuko utabeba kitu kizito, pita mara ya pili chini, juu ya mstari uleule.

3. Fungua mshono wa ubavuni na uupige pasi, kila upande ulalie kwake, na uendelee kukunja hivyohivyo mpaka juu, hata pale ambapo hukushona. Sasa umepata mpasuko wa sentimita 12 kila upande. Zungusha mshono kuuzunguka, nusu sentimita kutoka ukingoni: shuka, pita chini ya mpasuko, panda. Usiiruke hatua hii. Kamba zitakuwa zinavutwa hapo kila siku, na mfuko usioshonwa hapa ndipo unapoanzia kuchanika.

4. Kitako. Ingiza mkono kwenye kona moja ya chini, ivute ili mshono wa ubavu ukae sawasawa juu ya mshono wa chini. Kona itajitengeneza pembetatu. Hakikisha kwa vidole kwamba mishono miwili imekutana, kisha choma pini. Kutoka kwenye ncha pima, kwa kufuata mshono, nusu ya upana wa ubavu wa zawadi. Kwa mfano wetu ni sentimita 8. Piga mstari wa kukatisha hapo. Mstari huo ukiupima lazima uwe sentimita 16, sawa na ubavu wa boksi. Usipolingana, kona haikukaa vizuri, ilegeze na uipange upya. Shona juu ya mstari mara mbili. Ncha iliyobaki unaweza kuikata ukiacha sentimita moja na kuipiga ovaloki. Mimi kwa mfuko wa vyombo siikati. Naikunja na kuishona juu ya mshono wa kitako, inaongeza unene pale panapokaa uzito.

5. Mdomo. Kila kipande kinakunjwa peke yake, mbele na nyuma. Kunja sentimita 1 kwenda ndani, piga pasi. Kunja tena sentimita 5, piga pasi. Shona chini kabisa ya pindo hilo kutoka mpasuko hadi mpasuko. Kisha shona mstari wa pili, sentimita 2.5 kutoka juu. Kati ya mistari miwili ndiyo njia ya kamba, na juu yake ndiyo malinda. Usishone kukatisha kwenye mpasuko, utaziba njia.

6. Geuza mfuko, sukuma kona kwa kitu butu kama mpini wa kijiko. Funga kamba ya kwanza kwenye pini ya nepi, ingia nayo mpasuko wa kulia, pita mbele, tokea kushoto, ingia nyuma, rudi kulia. Funga ncha mbili pamoja. Kamba ya pili ianzie kushoto na irudi kushoto. Ukivuta zote mbili kwa pamoja mdomo unafunga wenyewe, na mfuko unaweza kuning'inizwa bila kufumuka.

Asiye na cherehani anaweza kushona mfuko mzima kwa mkono, kwa mshono wa kurudi nyuma: kila sindano irudi ilipotoka ile iliyotangulia. Ni kazi ya jioni mbili tatu, na ikishonwa kwa uzi mara mbili inashika vizuri.

Mfuko wa chupa

Mvinyo wa zabibu za Dodoma na asali ya Singida au Manyoni ni zawadi tunazopeleka sana Dar na kwingineko. Kwa chupa ya mililita 750 kata vipande viwili vya sentimita 17 kwa 42. Hapa hakuna njia ya kamba. Kata utepe wa sentimita 50, ukunje katikati, na lile kunjo lipenyeze ndani ya mshono wa ubavu mmoja, sentimita 12 kutoka juu, ncha zikiwa ndani kati ya vipande. Shona mpaka juu bila kuacha mpasuko, tengeneza kitako cha sentimita 7 (pima 3.5 kutoka kwenye ncha), kisha kunja mdomo sentimita 1 na tena 2. Utepe utafunga shingoni mwa chupa. Kwa asali ya kusafiri kwenye basi au treni, funga kwanza chupa yenyewe kwa mfuniko wa kukaza. Kitambaa kinapendezesha tu, hakizuii kuvuja.

Zawadi ambazo hazistahili kushonewa

Seti kubwa ya hotipoti, beseni lililojaa vyombo, godoro la mtoto: kwa hizi chukua doti la khanga. Weka zawadi katikati ya khanga moja, pembe mbili zinazotazamana zifunge fundo, kisha mbili zilizobaki. Wajapani wana ustadi mkubwa wa kufunga vitu kwa kitambaa cha mraba, wanauita furoshiki, na bibi zetu wamekuwa wakifunga mizigo kwa khanga muda wote. Ile khanga ya pili ikunje juu, na mwenye sherehe amepata doti zima la kuvaa.

Kukabidhi

Kwenye shughuli za ukumbini zawadi hupangwa pamoja na huandikwa majina. Mfuko wa kitambaa usio na jina unapotea katikati ya wenzake, kwa hiyo toboa kadi ndogo na uipitishe kwenye kamba kabla ya kuifunga fundo la mwisho. Usibandike kwa selotepu, gundi yake inaacha doa linalovuta vumbi.

Mwambie unayempa kwamba mfuko ni wake. Shangazi na mama wadogo wengi watataka kuurudisha, kwa kuwa tumelelewa kurudisha chombo cha jirani, tena kisicho kitupu. Akiurudisha na karanga ndani, pokea.

Ukitaka kushona mingi

Kata kwa pamoja. Mita 3 za kitenge zilizokwisha fuliwa zinatoa mifuko sita ya sentimita 45 kwa 45, safu sita za vipande viwili viwili, na ukanda wa pembeni unaobaki unatosha mifuko mitatu ya chupa. Kamba nunua za pamba, kwa kuwa kitambaa kitakachobaki hakitoshi kamba zote kumi na mbili. Fanya hatua moja kwa mifuko yote kabla ya kuanza nyingine: ovaloki yote, mbavu zote, pasi yote. Umeme ukikatika katikati, cherehani ya miguu inaendelea, ila pasi ya umeme haiendelei, kwa hiyo mwenye pasi ya mkaa asiigawe.

Kwa bei, hesabu kitambaa, uzi, kamba, ovaloki na saa zako, halafu muoneshe mteja kitako na mpasuko uliozungushiwa mshono. Mfuko huo unafuliwa kwa sabuni ya kawaida, unageuzwa ndani nje na kuanikwa kivulini. Kamba ndiyo itakayochoka kwanza, na kuibadilisha ni kupitisha nyingine kwa pini ileile ya nepi.